Bawasiri: Uliza Kabla ya Kulipa

Somo la leo ni juu ya bawasiri, ugonjwa ambao wengi wetu huona haya kuutaja. Pengine mjini Bukoba au Muleba umeona tangazo la kliniki ya mtu binafsi: bawasiri hutibiwa bila kisu. Jambo hilo lawezekana. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa. Daktari huibana kwa kipira kidogo. Uvimbe hukosa damu, hunyauka, hudondoka. Dakta Barron wa Marekani aliieleza njia hiyo mwaka 1963.

Lakini kabla hujatoa fedha, jiulize: nimepimwa? Damu chooni si ya bawasiri peke yake. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunacho kichocho cha tumbo, nacho huweza kutoa damu. Saratani ya utumbo mpana vile vile. Kipira hakiponyi hata kimoja cha hivyo. Daktari akitaka kukupima kwa kidole na kutazama ndani kwa chombo, kubali. (Aibu hiyo ni ya dakika chache.) Asiyekutazama, akakuuliza fedha tu, mwache uende Rubya, Ndolage au Kagondo, ukaombe kupimwa na choo pia.