Baba wa Dukani, Sirari

(Maneno yaliyosemwa katika saa ya kuwakumbuka waliotutangulia, siku ya pili ya maadhimisho. Yamechapwa karibu kama yalivyosemwa.)

  Wachungaji wetu, wazee, wapendwa mliovuka kutoka Isebania, Migori na Kisii, na ninyi wenyeji wa Tarime na Musoma, nawasalimu. Mama, shikamoo. Nakuona hapo mbele na wajukuu. Nimepewa dakika kumi, na mshika saa ameshaanza kunitazama.

Jina la marehemu mmelisikia likisomwa asubuhi. Mimi nitamwita Baba wa Dukani, maana ndivyo watoto wa pande zote mbili tulivyomwita, na wengine tulikuwa watu wazima kabla ya kujua kwamba ana jina lingine. Habari za maombi yake wamezisema waliokesha naye. Mimi nilikaa nyuma ya kaunta yake miaka sita, kabla sijaolewa upande wa Kenya. Nitasema habari za duka.

Vijana, ninyi mnaukuta mpaka ambao unamaliza mambo ya nchi zote mbili chini ya paa moja, unaenda zako. Haukuwa hivyo. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Mkurya alikuwa na shangazi huku na mjomba kule, na katikati kuna askari. Miaka ile Tanzania sabuni ilikuwa shida, sukari shida, mafuta ya kupikia shida. Waliokuwa na miguu ya usiku walipita njia za panya. Baba alikuwa kijana wa baiskeli tu wakati huo, na alizoea kutuambia kwamba elimu yake ya biashara aliipata hapo, alipoona mama mwenye mtoto mchanga anauziwa kipande cha sabuni kwa bei ya kuku. Alisema aliyeuza hakuwa mwizi, alikuwa mtu tu aliyeona shida ya mwenzake akaipigia hesabu.

Kwa hiyo alipofungua duka lake alikuwa na chaki. Kila asubuhi aliandika kwenye mlango wa bati: shilingi moja ya Kenya ni shilingi ngapi za madafu. Akishaandika, basi, haifutwi mpaka jioni. Ndani kulikuwa na makopo mawili ya maziwa, moja la pesa za Kenya, moja la pesa zetu. Uje na hela ya upande wowote, umejua kusoma au hujui, bei ni ile ya mlangoni. Siku za mkutano mkubwa wa injili wageni walijaa, na wengi hawakuijua bei ya pesa ya hapa. Majirani wenye maduka walimfuata wakamwambia, mzee, chaki yako inatuharibia. Hakubishana nao. Aliwakaribisha chai, na kesho yake akaandika kama kawaida. Karibu mwezi mzima wale jamaa hawakumsalimia, na lilimuuma, msidhani halikumuuma. Alikuwa mtu wa kupenda salamu.

Sasa daftari. Hapa naona wengine mnaanza kuinamisha vichwa! (Kicheko.) Mnajua maduka mengi yana kile kibao, kukopa harusi, kulipa matanga. Kwake hakikuwepo. Alisema ni kumtukana mgeni kabla hajafungua mdomo. Lakini aliandika. Robo ya sukari, nusu ya mche wa sabuni, mafuta ya taa ya kupima, yote kwa tarehe. Wakulima wa tumbaku wa Kuria walilipa pesa za tumbaku zikitoka, wa kahawa wakalipa kwa msimu wa kahawa. (Sigara yenyewe hakuuza hata moja, na mkulima mmoja alimuuliza, mbona pesa ya tumbaku unaipokea? Alicheka, akasema hilo atamuuliza Bwana.) Alikuwa na kipande cha boksi la majani ya chai. Ukija kuangalia deni lako, anafunika kwa hicho kiboksi majina ya juu na ya chini, unaona mstari wako peke yake. Miaka sita sikuwahi kumsikia akidai kwa sauti. Alikuuliza tu, shamba linaendeleaje? Ukijibu hivyo hivyo, naye anasema, haya, tuombe mvua.

Nije kwenye jambo ambalo wazee wanalikumbuka na halijaandikwa popote. Tulipojenga kanisa, kamati ilikopa kwake saruji na mabati. Msimu ukapita, msimu wa pili ukapita. Mzee mmoja akasema kwenye kikao, kwa upole kabisa, ndugu yetu, kwa nini deni hili usilihesabu kuwa sadaka? Ikawa kimya. Baba akajibu, "Sadaka naitoa mwenyewe, kwa mkono wangu. Hii nilikopesha." Akaweka daftari mezani, limefunikwa kwa kiboksi, mstari wa kanisa unaonekana peke yake kama wa mtu mwingine yeyote.

Wapendwa, watu walinung'unika. Wapo waliosema amerudi nyuma, anapenda fedha. Na Jumapili alikuja, akakaa pale pale alipozoea, benchi la tatu karibu na dirisha, akaimba. Tulilipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Siku ya malipo ya mwisho watu walikodoa macho, wakingoja airudishe yote madhabahuni. Alizihesabu, akaandika risiti, akatia mfukoni. Zile pesa zilikuwa ada ya chuo cha ualimu ya binti yake wa tatu, ambaye alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima akingoja. Binti ni yule pale, mwalimu, inua mkono. (Makofi.)

Mimi nasema, na wachungaji mnisamehe, ile risiti ilitujenga kuliko yale mabati. Tangu hapo mweka hazina wetu hanunui msumari kabla hajaonyesha pesa itatoka wapi. Na binti wa mtu hakukaa nyumbani mwaka wa pili kwa sababu ya ukuta wetu.

Watoto wake sita walikulia kwenye lile duka. Hesabu walijifunza kwa sarafu za makopo mawili, na nadhani ndiyo maana hakuna anayeweza kuwadanganya. Jioni ndiyo saa ya wateja, watu wanatoka shamba, na jioni hiyo hiyo yeye alikula na watoto, pale pale sakafuni nyuma ya kaunta, sahani moja kubwa. Mteja akiita, anajibu, "Karibu ule." Wengine waliingia kweli! Mama hapa ni shahidi, alijifunza kupika ugali wa watu wasiojulikana idadi.

Mwaka 2020 Kenya ilipofunga mpaka mwezi wa Mei kwa sababu ya korona, isipokuwa malori ya mizigo, nilikuwa ng'ambo, siwezi kuvuka. Simu ikalia, ni Baba. Alikuwa anawapigia wateja wake wa Isebania mmoja mmoja, anasalimia. Mwingine alianza kujieleza juu ya deni, akamkatiza, "Daftari halipati homa. Wewe je?"

Naona saa imeisha. Mama ameniomba nitangaze jambo moja kabla sijakaa. Duka linaendelea, binti wa pili ndiye yuko kaunta, na chaki ipo. Stoo kuna vitu ambavyo watu waliviacha ili wavuke navyo siku nyingine: baiskeli nyekundu isiyo na kiti, mabati manane yenye alama ya rangi ya kijani, cherehani ya mkono ndani ya gunia, na sufuria kubwa ya harusi. Baba aliviandika vyote, lakini mwandiko wake wa miezi ya mwisho hausomeki vizuri. Mwenye chake aje, siku yoyote kabla ya saa mbili usiku. Risiti haitakiwi, eleza tu ulivyokiacha.