Kifaa Kikichomolewa, Anwani Zake Hubaki Mikononi mwa Nani?



Oktoba 1871 David Livingstone aliingia Ujiji akiwa hoi, akitegemea shehena yake ya vitambaa na shanga kutoka pwani. Hakukuta kitu. Msimamizi wake, anayetajwa kwenye shajara kwa jina la Shereef, alikuwa amepiga ramli kwa Kurani, akaridhika kwamba mwenye mali amekufa, akauza yote. Livingstone alilazimika kwenda hadi tembe la Kwihara, hapa jirani na Tabora, akakaa kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi.

Kosa lile la kuachia mali mapema hutokea pia ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi.

Draiva ya kadi ya picha huomba kerneli anwani za kuifikia kadi. Nyuma ya anwani hizo hakuna kumbukumbu ya kawaida. Kuna rejista za kadi yenyewe. Programu nazo hupewa sehemu yao, na prosesa huweka nakala ya tafsiri za anwani. Kadi ikichomolewa ghafla, hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeambiwa. Katika PCI Express, njia inayounganisha kadi na prosesa, kusoma rejista ya kifaa kisichokuwepo kwa kawaida huleta biti zote zikiwa moja: 0xFFFFFFFF. Draiva inayosubiri biti ya kuonyesha kuwa kadi iko tayari itaiona imewaka, iendelee na kazi.

Kishawishi ni kufuta kila kitu papo hapo, pamoja na rekodi ya kifaa. Shereef alifanya hivyohivyo. Programu ingali imefungua faili la kifaa. Itakapolifunga, kerneli itafuata rekodi ambayo nafasi yake imekwisha kupewa mwingine. Wavamizi wanaupenda sana mlango huo.

DRM, sehemu ya Linux inayoshughulikia picha, hutenganisha njia na mali. Kifaa hutiwa alama kwamba kimeondoka, walio katikati ya kazi husubiriwa wamalize, kisha ramani za programu hung'olewa kwenye majedwali ya kurasa na nakala za prosesa hufutwa. Rekodi haiguswi. Ina hesabu ya wanaoishika, na huachiwa hesabu hiyo ikifika sifuri, hata ikichukua saa nzima.

Programu ikigusa tena anwani ya zamani, kerneli ina hiari: kuipelekea ishara ya SIGBUS, ambayo kwa kawaida huisimamisha, au kuipa ukurasa wa bandia uliojaa sifuri. Kwenye kompyuta ya mezani naukubali ukurasa wa bandia, kwa kuwa kazi nyingine zitaendelea. Kwenye mashine ya kupima damu siukubali kabisa: sifuri za uongo zitaandikwa kwenye cheti cha mgonjwa.

Wanafunzi wangu, msiridhike na jaribio la kuandika 1 kwenye faili la remove katika sysfs, saraka ya Linux ya vifaa. Hapo kadi ingali mahali pake, inajibu wakati draiva inaondoka. Chukueni kifaa kilichoundwa kuchomolewa, mkichomoe kwa mkono programu ikiwa katikati ya kusoma, kisha msome taarifa za kerneli mstari kwa mstari.