Vijana Wetu na Filamu Fupi: Sura ya Mtu Si Mali ya Mwenye Telefone

(Mazungumzo ya kipindi cha mafundisho ya uraia na amani. Yamechapwa jinsi yalivyosemwa kwenye radio.)

  

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona ni mchezo wa watoto. Ni filamu fupi. Mara kwa mara mashirika, vituo vya utamaduni na hata mashule hutangaza mashindano: leteni filamu ya dakika moja, ya dakika tano au kumi, juu ya amani, juu ya maji, juu ya maisha ya watu waliohamishwa na vita. Vijana wanakusanyika watatu au wanne, wana telefone moja kati yao, wanaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, hawa watoto wanatupiga picha. Ni haki yao? Na mimi je, nina haki gani?"

Mama yule aliuliza vizuri. Nitamjibu kama mtu wa sheria, lakini pia kama mtu aliyewahi kukosea katika jambo hili.

1. KAZI HII INA HESHIMA

Kwanza nawaomba wazee wasiwafukuze vijana hawa. Kazi yao ina heshima, na watu wa kwetu wameionyesha.

Kiripi Katembo alizaliwa Goma mwaka 1979. Mwaka 2008 alitengeneza filamu fupi inayoitwa Voiture en carton, yaani gari la karatasi ngumu. Telefone iliwekwa ndani ya kigari cha kuchezea, na mtoto wa kike akakivuta kwa kamba barabarani mjini Kinshasa. Telefone ikachukua picha ya mji kutoka chini, pale ambapo sisi watu wazima hatuangalii. Hakuhitaji kamera kubwa. Malaria ilimwua mwaka 2015, akiwa bado kijana, lakini kazi yake ilikwisha kujulikana mbali.

Mwingine ni Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani. Mwaka 2010 filamu fupi nne za vijana wa Kongo zilitolewa pamoja kwa jina la Congo in Four Acts. Moja kati yake, aliyoifanya pamoja na Divita Wa Lusala, inaonyesha akina mama waliojifungua na kuzuiliwa katika maternite kwa kukosa pesa za kulipa. Ndugu wasikilizaji, nani kati yetu hajui jambo hilo? Tulikuwa tunalijua sote, lakini tulikuwa tunalinong'ona tu. Filamu ililitoa nje. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 2020, Hamadi huyohuyo alitoa filamu ndefu juu ya watu waliojeruhiwa katika vita vya siku sita vya Kisangani, mwezi wa sita mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji. Watu wale, wengine wakiwa wamekatika miguu, walipanda mashua kushuka mto mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Filamu hiyo ilichaguliwa katika tamasha la Cannes, kule Ufaransa.

Basi mtoto wako anayezunguka na telefone asionekane mvivu. Kuna hata mashindano ya kimataifa ya kazi ya namna hii. Mobile Film Festival, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 2005, kanuni yake ilikuwa nyepesi: telefone moja, dakika moja, filamu moja. Mtu asiye na franka za kununua kamera naye anaweza kusema neno lake.

2. KOSA TULILOLIFANYA

Sasa nitawaambia habari ambayo hainipendezi kuisimulia.

Nilipokuwa mwanafunzi wa sheria, tulikuwa vijana watano katika mji mmoja wa Kivu. Tulisikia mashindano yametangazwa: filamu ya dakika saba juu ya watu waliokimbia vita. Mmoja wetu alikuwa na kamera ya kuazima. Mimi niliandika maneno ya Kifaransa yanayopita chini ya picha.

Tulimkuta mama mmoja aliyekuwa amekimbilia kwa dada yake. Tulimwuliza: "Mama, unakubali tukupige picha?" Akasema ndiyo. Aliketi mlangoni, akasimulia usiku ule nyumba yake ilipochomwa. Alitaja kilima. Alitaja watu wawili kwa majina, majirani wa zamani, aliowatambua kwa sauti. Sisi tulikaa kimya, wengine machozi yakitutoka, na moyoni tulijua kwamba tumepata filamu nzuri.

Filamu ilionyeshwa katika sala ya shule moja, juu ya shuka jeupe. Watu walipiga makofi. Tulipata nafasi ya tatu, tukagawana pesa kidogo, tukanywa soda. Mama hatukumwita siku ile. Hata wazo la kumwita halikutujia.

Kisha watu wakaanza kupeana filamu ile kutoka telefone moja mpaka nyingine. Haikupita muda mrefu, wanaume wasiojulikana walifika katika avenue ile wakimwuliza mama kwa jina. Dada yake aliwaambia amesafiri. Usiku uleule mama alifunga mizigo yake, akaondoka na watoto wanne. Alikuwa amekimbia mara moja kwa sababu ya vita. Mara ya pili alikimbia kwa sababu yetu.

Nilikwenda kuomba msamaha kwa dada yake. Alinisikiliza, kisha akasema: "Alikubali sababu mulikuwa vijana wa heshima. Alifikiri ni ya kuwaonyesha wazungu wa shirika tu." Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Mama alisema ndiyo, lakini hakujua anasema ndiyo kwa jambo gani. Kukubali bila kuelewa si kukubali.

3. SHERIA INASEMA NINI

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inaweka haki mbili ambazo lazima ziende pamoja, kama miguu miwili ya mtu mmoja.

Mguu wa kwanza: kifungu cha 23 kinampa kila mtu haki ya kusema na kutoa mawazo yake, hata kwa njia ya picha, akiheshimu sheria, utulivu wa watu wote na adabu njema. Kifungu cha 46 kinalinda uhuru wa kazi ya sanaa, na vilevile haki ya mtunzi juu ya kazi yake. Kwa hiyo kijana mwenye filamu ana ngao ya Katiba.

Mguu wa pili: kifungu cha 31 kinasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya siri. Kwa hiyo mama aliye mlangoni mwake naye ana ngao ya Katiba. Hana deni kwa mtu yeyote. Akisema hapana, ni hapana, na hatakiwi kueleza sababu.

Kwa upande wa watoto, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Mtoto hawezi kupewa biskuti kisha akasimulia mbele ya kamera jinsi wazazi wake walivyouawa. Mzazi au mlezi wake lazima ajue na akubali. Na hata akikubali, jiulizeni kama sura ya mtoto inahitajika kweli.

Kwa wale waliofanyiwa jeuri ya kingono, sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinawaagiza wakubwa wa mashtaka na mahakimu walinde usalama, heshima na siri ya maisha yao. Ikiwa hakimu mwenyewe, katika jumba la sheria, anaweza kufunga mlango ili mama asikilizwe faraghani, kijana wa filamu ana ruhusa gani ya kuufungua mlango huo mbele ya mji mzima?

4. MASHAURI KWA VIJANA

Vijana, nawapa mashauri sita. Yaandikeni.

La kwanza. Kabla ya kuwasha telefone, eleza filamu itafika wapi. Usiseme tu "ni ya mashindano". Sema: "Mama, itaonyeshwa kwa watu wa hapa, itaenda kwa waamuzi, kisha inaweza kuingia katika telefone za watu na sisi hatutaweza kuirudisha." Mpe siku moja au mbili za kufikiri.

La pili. Mkimaliza, mwonyesheni yeye kwanza, kabla ya waamuzi. Akisema ondoeni neno hili, liondoeni. Akisema amebadili mawazo, mwacheni, hata kama tarehe ya mwisho ni kesho.

La tatu. Msitaje kabila kama ndilo lenye kosa. Mtu ndiye anayechoma nyumba. Kabila halishiki kiberiti. Msionyeshe mahali askari walipo, wala njia ambazo watu wanapitia kukimbia. Majina ya washtakiwa mwachieni mwanasheria na hakimu.

La nne. Kumbukeni kwamba filamu inaishi kuliko hali ya leo. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Goma ilichukuliwa na M23, na mwezi uliofuata Bukavu. Katika miezi hiyo miwili kambi kubwa pembeni ya Goma, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilibaki tupu na watu wakaingia njiani tena. Neno ambalo mtu alilisema bila woga mwaka 2024 linaweza kumletea hatari baadaye, kwa sababu aliye na nguvu amebadilika na sura yake haikubadilika. Kwa hiyo, sauti peke yake, mikono peke yake, au mchezo wa kuigiza unaochezwa na ninyi wenyewe, mara nyingi unatosha.

La tano. Wimbo wa mtu ni mali yake. Sheria ya haki za watunzi katika nchi yetu ni ya tangu tarehe 5 Aprili 1986. Badala ya kuchukua muziki wa nyota, ombeni kwaya ya jirani iwaimbie, na mtaje jina la kwaya mwishoni.

La sita. Andikeni mapatano kwenye karatasi kabla ya kuanza: tukishinda, zawadi tunagawaje? Telefone ni ya nani? Urafiki mwingi umekufa kwa dola hamsini.

5. KWA FAMILIA

Mama, baba, usiogope kuuliza. Ninyi ni akina nani? Nani amewatuma? Nitaiona lini? Kama wanaona haya kujibu, usiwape sura yako. Usikubali pia kwa matumaini ya unga au mafuta. Hakuna orodha ya msaada inayotegemea filamu. Akikuambia hivyo, anakudanganya.

Lakini kama unataka kusema, sema. Si kila kimya ni usalama. Kuna mambo ambayo yanafaa kuonekana: bomba lililokauka, shule iliyojaa, mtoto aliyerudi kusoma, jirani aliyegawa chumba chake. Hayo ni maisha yenu, na ninyi mnayajua kuliko mgeni.

6. KWA WAKUBWA WA MAHALI

Wazee na mashefu, kijana akija kuwaeleza kazi yake, mpokeeni. Msimwombe pesa ya ruhusa ambayo hamwezi kumpa karatasi yake. Wala msimwambie: "Onyesha mazuri tu." Kazi yenu ni kuuliza swali moja: watu walio ndani ya filamu hii wamekubali na wameelewa?

Kisha iiteni filamu ionyeshwe kwenu. Baada ya kosa letu lile, miaka ilipita, nikasaidia kikundi kingine cha vijana. Walifanya filamu ya dakika sita juu ya ugomvi wa bomba la maji kati ya wenyeji na waliohamia. Hakuna mtu halisi aliyetajwa; waliigiza wenyewe, wenyeji wakacheza kama wageni, na wageni wakacheza kama wenyeji. Haikupata zawadi yoyote. Lakini ilipoonyeshwa katika uwanja wa kanisa, watu walicheka walipojiona, na shefu wa avenue akasimama hapohapo akauliza: "Sasa tufanyeje?" Walipanga saa za kuchota: asubuhi upande huu, mchana upande ule, wagonjwa na wajawazito mbele wakati wote. Waamuzi hawakuiona faida ile, lakini sisi tulikunywa maji kwa utulivu.

Ndugu wasikilizaji, namalizia. Vijana, zawadi ya mashindano inakwisha kwa juma moja. Mtu uliyempiga picha utamkuta sokoni mwaka mzima. Fanya kazi yako namna ambayo utaweza kumsalimu. Na mama aliyeuliza swali, jibu ni hili: wao wana haki ya kuomba, wewe una haki ya kukataa, na mkikubaliana, filamu ile ni yenu wote wawili.

Katika nyumba yenu, kabla ya kulala leo, waulizeni watoto wenu: una picha za nani katika telefone yako, na wenyewe wanajua?