Programu Huria Yataka Wenyewe

(Haya ni mazungumzo mbele ya watumishi wa Serikali na walimu, Kibiti.)



Katika delta ya Rufiji, mhudumu wa zahanati hujaza vitabu vya MTUHA: watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria, kina mama waliojifungua. Hatimaye takwimu hizo huingizwa katika programu iitwayo DHIS2.

Programu hiyo ni huria. Maana yake si kwamba haina mwenyewe. Maana yake ni kwamba maandishi yake ya ndani yako wazi. Ye yote aweza kuyasoma na kuyarekebisha bila kulipa ada ya leseni. Chimbuko lake ni kazi iliyoanza Afrika Kusini mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipoanguka. Leo huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo katika mtandao wa wataalamu wake.

Kazi ya mratibu ni kusikiliza, kisha kuchagua. Akikubali kila ombi, programu huwa nzito ikamshinda mtumiaji. Akikataa yote, kila nchi hujitengenezea yake, na umoja huvunjika. Kwa hiyo uamuzi hauna budi ufanywe hadharani, na sababu zake zielezwe. Mwaka 2020 wataalamu wa Sri Lanka waliitengenezea programu hiyo sehemu ya kufuatilia UVIKO-19. Kazi yao ikapokewa, na nchi nyingine zikaitumia.

Je, sauti ya delta nayo itafikaje? Hesabu ya taarifa zilizochelewa haielezi yenyewe kwamba mto ulifurika, kama ulivyofurika Aprili 2024. Anayejua ni mhudumu. Asiposikilizwa, mpangaji wa mipango atamwona mzembe, na wanakijiji watapangiwa huduma kwa hesabu pungufu.

Kwa hiyo tunayo majukumu matatu. Mtumiaji aandike kasoro waziwazi: alifanya nini, lini, na kilitokea nini. Ofisi inayopokea imjibu, hata kama jibu ni hapana, kwani asiyejibiwa mara mbili hatasema mara ya tatu. Nasi walimu tuwafundishe vijana kuyasoma maandishi hayo ya ndani, wapatikane miongoni mwao wa kuyarekebisha.

Mlango umeachwa wazi. Tusipoingia, wengine watatuamulia, na hatutakuwa na wa kumlaumu.