Jina Lako, Kitambulisho Chako, Kura Yako

Mada kwa wananchi wa Bodo, Kaunti Ndogo ya Msambweni



Uchaguzi Mkuu ujao utafanyika Jumanne, 10 Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo kila simu ya Bodo, iwe ni simu janja au mulika mwizi, itapokea maneno ya siasa. Mada hii haimpigii debe mgombea yeyote wala chama chochote. Nia yake ni kueleza maneno hayo yanafikaje kwenye simu, na kwa nini jina la mwananchi, namba yake ya kitambulisho na namba yake ya simu vimekuwa mali inayotafutwa na wanasiasa.

Zamani mwanasiasa aliyetaka kura za Bodo alilazimika kufika Bodo. Alisimama mbele ya watu akasema lake. Mvuvi alimsikia, mwenye mnazi alimsikia, na mama muuza samaki alimsikia. Chukua mfano wa mgombea anayewaahidi wavuvi kwamba njia ya kuteremkia ufuoni haitafungwa kamwe, na papo hapo anataka kuwaahidi wenye viwanja vya ufuoni kwamba watajenga ukuta wapendavyo. Katika baraza hawezi kuyasema yote mawili, maana mzee mmoja atanyanyua mkono na kumuuliza. Ndiyo maana wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno.

Simuni mambo ni mengine. Ahadi ya kwanza inaweza kutumwa kwa wavuvi peke yao, na ya pili kwa wenye viwanja peke yao. Kila mmoja atasoma yake chumbani kwake, na hakuna atakayejua mwenzake ameambiwa nini. Pasipo na baraza, hapana wa kunyanyua mkono.

Ili kuwagawa watu hivyo, mtumaji anahitaji kujua nani ni nani. Hapo ndipo data inapoingia. Kila anayetumia Facebook, TikTok au Google huacha nyayo: amependa nini, ametazama video gani hadi mwisho, yuko wapi, anazungumza lugha gani. Kampuni hizo hukusanya nyayo za mamilioni ya watu, kisha humuuzia mwenye tangazo nafasi ya kuwafikia watu wa aina anayoitaka, kwa mfano vijana wa umri fulani walio karibu na Ukunda. Mtu anayelipia tangazo si lazima awafahamu vijana hao. Mashine huwatafuta kwa niaba yake.

Kenya imekwisha kuyaona haya. Kampuni ya Uingereza iitwayo Cambridge Analytica ilijihusisha na kampeni za uchaguzi wa Kenya wa 2013 na wa 2017. Mnamo Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha video iliyochukuliwa kwa siri, ambamo mkuu mmoja wa kampuni hiyo alijigamba kwamba walikibadilisha chama kizima jina na sura mara mbili, wakakiandikia manifesto, na wakafanya utafiti kwa kuwahoji makumi ya maelfu ya watu. Chama cha Jubilee kilieleza kuwa kiliipa kazi kampuni mzazi, SCL, kwa ajili ya kukitangaza chama. Mwezi uliofuata Facebook ilikiri kwamba data za watu wanaofika milioni 87 duniani huenda ziliifikia Cambridge Analytica isivyo halali. Kampuni hiyo ilifungwa Mei 2018.

Katika kampeni hizo za 2017 Wakenya waliotafuta habari mtandaoni walikutana na matangazo yaliyowapeleka kwenye tovuti mbili, moja ya kumsifu mgombea na nyingine ya kumtia hofu msomaji juu ya mpinzani wake. Hazikuandikwa jina la mwenyewe. Desemba 2017 shirika la Privacy International lilieleza kwamba zilihusishwa na kampuni ya matangazo ya Texas, Marekani. Mkutanoni, anayemsema vibaya mwenzake huonekana uso wake. Hapa msemaji alikuwa ng'ambo ya bahari, na msikilizaji hakujua hata kwamba anasemeshwa.

Lakini isidhaniwe kwamba data huibwa Marekani na Uingereza tu. Nyingine huanzia kwenye karatasi iliyo mezani. Mwananchi wa kawaida huandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu mahali pengi: katika orodha ya waliohudhuria mkutano, fomu ya basari, orodha ya msaada wa chakula, usajili wa wavuvi, daftari la mlangoni mwa ofisi. Kwa miaka mingi ameandika pia katika daftari la wakala wa pesa za simu. Karatasi moja ikipigwa picha kwa simu, majina hamsini yamekwisha kuondoka. Katika kampeni za 2017 wapiga kura walipokea ujumbe mfupi wa wagombea uliowataja kwa majina yao na mahali wanapopigia kura, ilhali hawakuwahi kumpa mgombea huyo namba zao.

Tukio lililowashtua wengi zaidi ni la Juni 2021. Msajili wa Vyama vya Siasa aliwapa wananchi njia ya kuangalia kupitia eCitizen kama wameandikishwa katika chama. Watu wengi walikuta ni wanachama wa vyama wasivyowahi kujiunga navyo, na wengine hata hawakuwahi kuvisikia. Malalamiko yalifika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ofisi iliyokuwa bado changa.

Sababu haiko mbali. Sheria ya Vyama vya Siasa inataka chama kinachoomba usajili kamili kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 waliojiandikisha kupiga kura katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hiyo ni kusema angalau kaunti 24, na wanachama 24,000. Nia ya sheria ni njema, kwamba chama kiwe cha nchi nzima. Ila kutafuta wanachama wa kweli mlango kwa mlango ni kazi ngumu, na orodha iliyo tayari yenye majina na namba za vitambulisho ni njia ya mkato.

Huenda mtu akauliza: jina likiandikwa katika chama, lina madhara gani? Madhara yapo, tena makubwa. Kifungu cha 85 cha Katiba kinasema anayetaka kugombea akiwa huru asiwe mwanachama wa chama kwa muda usiopungua miezi 3 kabla ya siku ya uchaguzi. Watu wa Msambweni wanajua uzito wa mgombea huru, maana uchaguzi mdogo wa ubunge wa 15 Desemba 2020 ulishindwa na mgombea huru, Feisal Bader. Kijana wa hapa anayefikiria kugombea wadi mwaka 2027 bila chama anaweza kukuta mlango umefungwa na karatasi asiyoijua. Vivyo hivyo kijana anayeomba kazi ya muda ya kusimamia kituo cha kupigia kura, kazi inayotaka mtu asiyeegemea upande wowote. Na hata asiyetaka cheo wala kazi ana haki yake: Kifungu cha 38 kinampa kila raia uhuru wa kuchagua mambo yake ya kisiasa, na Kifungu cha 31 kinalinda faragha yake.

Pamoja na hayo yote, data si adui. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, na moja ya mambo yaliyoiudhi ni kwamba tume ya uchaguzi, IEBC, haikufungua mitambo yake ikaguliwe kama mahakama ilivyoagiza. Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu 34A, ambazo ndizo fomu za matokeo ya urais za kila kituo, katika tovuti ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua. Vituo vilikuwa 46,229. Mwananchi aliyepiga kura Bodo aliweza kuitafuta fomu ya kituo chake na kuilinganisha na ile aliyoiona ikibandikwa mlangoni. Walioridhika na wasioridhika na matokeo walikuwa na karatasi zile zile mbele yao, na hata kesi iliyofuata mahakamani ilijadiliwa juu ya fomu ambazo nchi nzima ilikwisha kuziona.

Mwaka 2024 vijana walifanya jambo la namna hiyo kwa Mswada wa Fedha. Waliusoma, wakaueleza kwa video fupi katika lugha za nyumbani, wakaujadili usiku kucha mtandaoni. Watu walipoteza maisha katika maandamano ya 25 Juni, na hilo halifai kusahauliwa. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Waraka ambao zamani ungesomwa na mawakili na wahasibu ulisomwa na muuza mitumba.

Tofauti iko wapi basi? Mitambo ni ile ile. Fomu 34A ni data ya umma, nayo iliwekwa wazi kwa wote. Namba ya kitambulisho ni data ya mtu, nayo ilichukuliwa kwa siri. Kipimo ni chepesi hata kwa asiyejua kompyuta: ya umma yawekwe wazi, na ya mtu yabaki ya mtu. Demokrasia huharibika mambo haya yakigeuzwa, matokeo na bajeti zikafichwa huku majina ya wananchi yakiuzwa.

Sheria imempa mwananchi vyombo vya kujilinda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data ikusanywe kwa sababu maalumu iliyoelezwa, wala isitumiwe kwa jambo jingine lisilopatana na sababu hiyo. Jina lililoandikwa kwa ajili ya basari ni la basari. Mwenye data ana haki ya kuambiwa itatumika vipi, kuiona, kukataa isitumiwe, na kutaka ya uongo isahihishwe au ifutwe. Akivunjiwa haki anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo, kwa hivyo asiyeandika hakuachwa nje. Lalamiko linatakiwa kuamuliwa katika siku 90, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5.

Kwa upande wa pili, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi husika inapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Bajeti ya kaunti, orodha ya miradi ya wadi na gharama zake ni habari za aina hiyo.

Sheria hizi zinaifunga pia serikali ya kaunti. Ofisa anayepitisha karatasi ya mahudhurio katika mkutano wa hadhara anapaswa kueleza kwa nini anataka namba ya kitambulisho, karatasi itakaa wapi, na nani ataiona. Kuuliza si utovu wa adabu. Mzee anayeuliza, "Mwanangu, karatasi hii yaenda wapi?" ametimiza wajibu wake, na ofisa anapaswa kumjibu kabla ya kumpa kalamu.

Kwa hiyo kuna mambo manne ambayo kila nyumba ya Bodo inaweza kuyafanya kuanzia leo.

La kwanza, kila mwenye kitambulisho aangalie kupitia eCitizen kama ameandikishwa katika chama. Asiye na simu janja aombe msaada kwa kijana anayemwamini, au aulize Huduma Centre mjini Kwale. Akikuta jina lake mahali asipolipeleka, adai litolewe. Asingoje Mei 2027, kwa sababu miezi mitatu ya Katiba itakuwa imeanza kuhesabiwa.

La pili, asimpe mtu kitambulisho kipigwe picha kwa ahadi ya shilingi mia mbili au leso. Hiyo ni bei ndogo sana kwa jina la mtu.

La tatu, ujumbe wa WhatsApp wenye mishale miwili umekwisha kupitishwa mikono mingi. Kabla ya kuupitisha tena, msomaji aulize nani aliyeuandika kwanza. Kama hapana jina, hapana wa kujibu.

La nne, na ndilo kubwa: ahadi iliyokuja simuni ipelekwe barazani. Mvuvi asome aliyotumiwa, na mama muuza samaki asome aliyotumiwa yeye. Mgombea akifika, aulizwe mbele ya wote kama maneno haya ni yake, na yote mawili yanatimizwaje. Kampuni kubwa kuliko zote duniani inaweza kumtenga mtu na jirani yake kwa dakika anazotazama simu. Haiwezi kumzuia asivuke uwanja akamuulize jirani huyo, "Wewe wamekuambiaje?"

Sasa ni wakati wa maswali, na wenye simu za mulika mwizi waulize kwanza.