Maombi ya Uzamivu wa Fasihi ya Kiingereza Marekani

Maombi ya shahada ya uzamivu ya fasihi ya Kiingereza katika vyuo vikuu vingi vya Marekani hufungwa kati ya Desemba na mapema Januari. Mtihani wa udahili wa GRE wa somo hilo ulifutwa mwaka 2021, hivyo maandishi ya mwombaji ndiyo yenye uzito. Sampuli ya uandishi, aghalabu ya kurasa 15 hadi 25, iwe na hoja moja inayojengwa kwa kuchambua matini yenyewe. Maelezo ya dhamira yataje kipindi na swali la utafiti: kupenda riwaya hakutoshi, kuchunguza umiliki wa ardhi katika riwaya za Thomas Hardy kunaonyesha mwelekeo. Barua za mapendekezo, kwa kawaida tatu, ziandikwe na wahadhiri waliosoma kazi za mwombaji, nao waombwe mapema na kupewa nakala ya sampuli.