Woga wa Koleo Ndio Utupelekao kwenye Koleo

(Mazungumzo kwa watumishi wa serikali na walimu, Mzumbe, Morogoro)



Mzumbe ni mahali pa kufundishia utawala, na hapa kila mmoja anajua kwamba kupanga ni kuchagua. Leo naomba kanuni hiyo tuitumie kuhusu fizi zetu.

Ugonjwa wa fizi si mgeni mkoani kwetu. Mwaka 1988 Lembariti, Frencken na Pilot walichapisha utafiti juu ya fizi za watu wazima wa Morogoro, mjini na vijijini. Chanzo chake kikubwa ni ukoga, yaani utando wa vijidudu juu ya meno. Usipoondolewa huwa mgumu kama jiwe, na mswaki hauuwezi tena.

Mwanzoni fizi huvimba na kutoka damu. Wengi wetu hapo huacha kupasugua, na hivyo kuulea ugonjwa. Yafaa daktari wa meno aukwangue ukoga huo, nasi tupige mswaki mara mbili kwa siku na kusafisha katikati ya meno. Katika hatua hii fizi hupona kabisa.

Tukichelewa, fizi huachana na jino na mfupa huanza kuliwa. Hapo daktari hukwangua chini ya fizi hadi kwenye mzizi, mara nyingi kwa ganzi. Mifuko mirefu isiyopona huenda ikahitaji upasuaji. Lakini mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe. Shabaha ni kuokoa uliobaki. Vidonge vya duka la dawa peke yake haviondoi ukoga mgumu. Aidha, mvutaji wa sigara aache, na mwenye kisukari aidhibiti sukari yake, kwani mambo hayo mawili huuzidisha ugonjwa.

Hatua ya mwisho ni kung'oa jino lililolegea lisiloweza kuokolewa.

Ndugu zangu, ugonjwa huu hauumi sana mwanzoni, na wengi tunadhani kazi ya daktari wa meno ni kung'oa tu. Kwa hiyo tunangoja, na kwa kungoja tunampunguzia njia hata asibakiwe na nyingine. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitufundisha kwamba afya huanzia nyumbani. Mwalimu anayewahi kutibiwa leo atawafundisha kwa mfano wanafunzi wake kwamba damu katika fizi si jambo la kuzoea.